Sahani Iliyooshwa kwa Maji ya Moto

Adela alizikwa Jumatano. Kesho yake binti yake Neema akaja kukaa karibu nami kwenye mkeka, pale nyumbani kwao Kihesa, Iringa, ameshika kitu kilichofungwa kwenye kitenge. "Mama mdogo Atu," akaninong'oneza, "mama aliacha maneno hospitali, sisi hatukuyaelewa. Alisema akifa aoshwe kwa maji ya moto. Tukamwambia mama, watu huoshwa kwa maji ya uvuguvugu. Akasema hapana, yawe ya moto, hata nikipinda. Akacheka mpaka akakohoa. Akasema wewe utajua." Nikacheka na mimi, kwa sauti, katikati ya wanawake waliojitanda khanga, na wawili watatu wakageuka kunitazama. Neema akafungua kitenge. Ndani mlikuwa na santuri moja ya zamani, zile nzito zinazovunjika kama chungu, ukingo wake umejikunja kama jani la kabichi. Miaka yote ilikaa juu ya kabati la Adela, na wajukuu walikuwa wakiwekea funguo na karanga. Niliipokea kwa viganja viwili, nikiishika ukingoni ili vidole visiguse mifereji. Neema akanitazama mikono. "Hata mama alikuwa anaishika hivyohivyo," akasema.

Mwaka ule tulikuwa kidato cha tatu Mbeya, katikati ya miaka ya sabini, na reli mpya ilikuwa bado ni jambo la watu kwenda kulitazama Jumapili wakiwa wamevaa nguo za kanisani. Mimi na Adela tulikaa kwa shangazi yangu, Majengo, katika chumba cha uani chenye kitanda kimoja na dirisha dogo lililozibwa kwa gunia miezi ya baridi. Nilikuwa msichana asiyesema. Mwalimu akiniuliza jibu nililokuwa nalijua, nilisimama nikatazama kidole cha mguu hadi akachoka. Yote niliyoshindwa kuyasema niliyaandika usiku kwenye daftari la mistari, na mengi yalikuwa upuuzi: nani kanitazama bombani, viazi vya leo vilikuwa na chumvi nyingi, natamani ningekuwa na shingo kama ya Adela. Adela alikuwa Mhehe aliyezaliwa Makongolosi, kule machimboni Chunya, na hakuogopa mtu. Kicheko chake kilianza kwa kuvuta pumzi ndani, kama mtu aliyekanyaga maji ya baridi ghafla, halafu kikatoka chote kwa mkupuo. Ukikisikia hata ukiwa umefiwa utageuka. Tulitofautiana kwa kila kitu, ila kwa kitu kimoja tulikuwa sawa: gramafoni.

Ilikuwa ya marehemu mume wa shangazi, sanduku la mbao lenye mkono wa kuzungushia pembeni, na shangazi alikuwa ameifanya meza ya kuwekea unga. Watu walikuwa wameshahamia kwenye redio za mkulima na santuri ndogo za plastiki. Hizi kubwa za kizamani hakuna aliyezitaka tena. Basi zikawa zinauzwa sokoni pamoja na mitumba, kati ya spana zilizopata kutu na chupa tupu, kwa bei ya fungu la maparachichi. Muuzaji wetu alikuwa Mkinga mmoja, Baba Sanga, mwenye koti la mvua alilolivaa hata jua likiwaka. "Karibuni, wateja wangu wa marehemu," alitusalimu hivyo kila Jumamosi. "Hawa waimbaji wote wamekufa. Nawauzieni wafu kwa bei ya parachichi, na bado mnataka kupunguziwa!" Adela ndiye aliyepatana. Kazi yangu mimi ilikuwa kukagua. Nilitundika santuri kwenye kidole kimoja, nikaigonga kwa ukucha, kama mama anavyogonga chungu kabla ya kununua. Iliyo nzima hulia kama kengele ya mbali. Yenye ufa husema "ko", basi. Nikitikisa kichwa, Adela huirudisha. "Mdogo wangu hapa amesema huyu kavunjika mbavu," humwambia Baba Sanga, naye huapa kuwa haijawahi kutokea. Tulirudi na moja, mbili, tumezikumbatia kifuani chini ya sweta za shule, na nakumbuka ubaridi wake ukipenya shati hadi kwenye ngozi.

Tulizipenda zote, hata zilizokwaruzika hadi mwimbaji akasikika kama anakaanga vitumbua huku anaimba. Nyingine zilikuwa za lugha tusizozijua, na tulizitungia maana. Shangazi na jirani yake, Mama Subi, walikaa jikoni wakimenya ndizi mbalaga, wakidhani hatuwasikii. "Wenzao wanaokota mabwana, hawa wanaokota sahani mbovu," alisema Mama Subi. "Waache," shangazi akajibu. "Sahani haimpi mtu mimba." Hilo niliandika daftarini neno kwa neno. Kwa maana sisi sote tuliziita sahani. Neno santuri lilikuwa la redioni, nyumbani ilikuwa "lete ile sahani," "sahani gani, ya mwanamke anayelia?" Hakuna aliyeona ubaya wa neno hilo, na kwa kweli ubaya haukuwepo mpaka siku ile moja.

Shida yetu ilikuwa sindano. Kila gramafoni ilipopiga mara kadhaa, sindano ya chuma ilikwisha makali ikaanza kuilima santuri kama jembe, na madukani zilikuwa zimeadimika. Adela alimwuliza mwenye duka mmoja Uhindini, "Sindano zipo?" Yule akaangalia tulivyokonda akasema, "Za malaria nendeni hospitali." Tulicheka njia nzima. Aliyetuokoa ni baba mdogo wa Adela, Lukasi, mchimbaji wa Makongolosi, aliyekuja Mbeya kila mwezi kuuza alichopata na kununua chumvi na sabuni. Tulipomweleza, akasema kule kwao walipiga kwa miiba ya mgunga miaka mingi. Safari iliyofuata akaleta kopo zima: miiba mirefu, myeupe, iliyokaushwa, migumu kama mfupa. Tukaikata ncha kwa wembe, tukaichomeka kwenye kichwa cha gramafoni mahali pa sindano. Sauti ikatoka ya chini, laini, kama mtu anayeimba ameweka mkono mdomoni, na zile kelele za kukaanga zikapungua. Mwiba uliweza kupiga upande mmoja tu, kisha unaukata tena. Nafikiri ndiyo sababu mpaka leo siwezi kusikiliza wimbo huku nafanya kazi nyingine. Tulifundishwa kwamba wimbo una mwiba wake.

Jioni hiyohiyo ya miiba, tukila ugali, mchicha na vipande vichache vya nyama, Lukasi alisikiliza sahani zetu mbili tatu akaacha kutafuna. "Adela," akasema, "unajua kuwa baba yako yumo kwenye sahani?" Adela hakuwahi kumjua baba yake. Alichojua ni kwamba shimo la dhahabu liliporomoka likamfunika, na hakutolewa. Ukoo ulikaa matanga pasipo maiti. Hapakuwa na wa kuoshwa wala wa kuvishwa sanda. Mama yake alirudi Iringa, akaolewa tena, na jina la yule mtu halikutajwa nyumbani humo. "Alipita Mhindi mmoja na gari lenye mashine ya kunasa sauti," Lukasi akaendelea. "Akawakusanya vijana wa pale waliokuwa na magitaa, na baba yako akiwemo. Ikatoka sahani. Lebo ya kijani, ina picha ya ndege kanga. Wimbo unaitwa Vumbi la Makongolosi. Tulikuwa nayo, mvua ikabomoa nyumba." Adela akauliza, "Aliimba?" Lukasi akanawa mikono taratibu. "Mimi nilikuwa mdogo, nachunga. Nakumbuka watu wakisema, huyo, huyo, msikieni huyo." Nilitaka kumwambia Adela neno lolote, sikuweza. Nikamsogezea kipande changu cha nyama. Alikila bila kukiangalia.

Kuanzia hapo hatukununua tena kwa mapenzi ya sahani. Tulitafuta kanga. Baba Sanga aliambiwa, na wenye baa, na dereva mmoja wa lori la tumbaku la Chunya. Mvua za mwanzo zilikuwa zimekaribia tulipomkuta Baba Sanga amesimama kabisa, jambo ambalo hakulifanya kwa mteja yeyote. "Wewe binti wa Kihehe," akasema, "marehemu wako kafika." Ilikuwa katikati ya rundo lililotoka baa moja iliyofungwa Chunya: kijani kimechujuka, kanga mwenye madoa, maandishi yanasomeka. Vumbi jekundu lilijaa kwenye mifereji. Nikaigonga kwa ukucha. Ililia vizuri kuliko zote nilizowahi kuzigonga, na kwa mara ya kwanza nilisema mbele ya mtu asiye wa nyumbani. "Nzima," nikasema. Baba Sanga akashika kifua. "Kumbe anaongea!"

Hatukuipiga siku ile. Miiba ilikuwa imebaki vipande vya ovyo, na Lukasi alikuwa afike katikati ya wiki. Adela alisema hawezi kumpitishia baba yake sindano ya chuma iliyochakaa usoni. Akaiweka mezani, juu ya kitambaa. Jumatatu asubuhi tukaenda shule. Nyumbani alikuwepo Bibi, mama mkwe wa shangazi, aliyekuja kutoka Tukuyu na mkungu wa ndizi na mafua. Bibi alikuwa mzee mwema, mwenye Kinyakyusa kingi na Kiswahili cha kuazima. Adela akampa shikamoo, akamwambia mlangoni, amebeba madaftari: "Bibi, ile sahani nyeusi mezani ina vumbi, usiiguse, tutaisafisha wenyewe." Bibi akaitikia, "Ndaga, mwanangu, ndaga," yaani asante. Sasa wewe fikiria alivyosikia. Sahani. Nyeusi. Ina vumbi. Wasichana wanakimbilia shule, wanaona aibu kuacha vyombo vichafu mbele ya mgeni. Bibi gani angekaa tu?

Tuliporudi, sufuria la maji lilikuwa bado linafuka. Vyombo vyote vya nyumba viliwekwa kichanjani vikimetameta, na katikati yao, imeegemezwa kwenye bakuli la mboga, ilikuwepo sahani ya kanga, inang'aa kama macho ya ndama, imelegea ikajikunja pande zote. Nusu ya lebo ilikuwa imeondoka. "Wajukuu," Bibi akasema kwa masikitiko ya kweli, "hii sahani yenu waliwaibieni. Nimeisugua na majivu, vumbi likatoka lile jekundu jekundu, lakini maji ya moto kidogo tu, ikalegea kama ngozi! Halafu ina tundu katikati. Mchuzi utakaa wapi?" Nilihisi kicheko na kilio vikigombania koo langu. Adela hakufanya lolote kati ya hivyo. Alikaa chini, palepale kwenye tope la kichanja, na sketi yake ya shule.

Shangazi ndiye aliyemweleza Bibi kwa Kinyakyusa, kwa sauti ndogo. Nilijua maneno ya kutosha kufuata: sauti, baba, shimo, hakutolewa. Bibi akavua kilemba. Akauliza kitu kimoja, na shangazi akatutafsiria, ingawa sote tulikuwa tumeelewa. "Anauliza, kwa hiyo huyo baba hakuoshwa?" Adela akatikisa kichwa. Bibi akapiga magoti mbele yake, mifupa ikilia, akamshika vidole vyote kumi. "Basi leo ameoshwa," akasema kwa Kiswahili chake. "Mimi nimemwosha. Mikono hii. Nimemtoa udongo wote." Adela akamtazama yule mzee, akavuta ile pumzi ya ndani, na mimi nikasubiri kicheko. Kikatoka kilio. Alilia hadi shangazi akaacha chungu cha kande kikaungua, na usiku tukala kande zenye moshi, na hakuna aliyelalamika.

Kuinyoosha tulijaribu sote, kila mtu na akili yake. Bibi alisema kwao mianzi hunyooshwa kwa moto uleule ulioipinda. Shangazi aliogopa moto, akataka jua. Adela akaazima vioo viwili vya dirisha kwa fundi jirani. Mwisho tukaiweka kati ya vioo, juani, na jiwe la kusagia juu, Bibi akikaa kando na tawi kufukuza kuku. Ikalala, siyo yote. Ndani ikawa bapa, ukingo ukabaki na mawimbi. Lukasi alipokuja na miiba, akaishika, akaipima kwa jicho kama mtu anayepima nguzo. "Inaweza kupiga mara moja," akasema, "inaweza kukatika katikati ya wimbo. Sijui." Adela akaifunga kwenye sweta yake. "Kama ni mara moja," akasema, "basi mama naye awepo."

Tulifunga shule tukaenda Iringa na gramafoni magotini. Mama yake Adela alikuwa mwanamke mrefu, mwenye mikono iliyotulia, aliyeuza ulanzi, ile pombe ya mianzi, uani. Wateja walikaa kwenye magogo na vikombe vyao vya mianzi, wakibishana kuhusu mvua. Alitupokea kwa furaha, akatuchinjia kuku, akaiona gramafoni, akarudi kwenye ulanzi wake. Adela alipomweleza, akaendelea kuchuja ulanzi. "Yaliyofukiwa yamefukiwa," akasema. "Mimi nina mume hapa. Nina wateja." Siku nzima ilipita hivyo. Jioni wateja walipoondoka, Adela hakumwomba tena. Aliiweka gramafoni mlangoni, akazungusha mkono, na mimi nikakata mwiba. Niliuharibu mmoja, nikakata mwingine. Mama yake alikuwa jikoni, ametugeuzia mgongo. Lakini hakutoka.

Mwiba ukapanda ukingoni ukaanza kuruka, juu chini, juu chini, kama lori kwenye barabara ya Chunya, na magitaa yakaja vipandevipande. Nilijua wimbo umekatika. Halafu mawimbi yakaisha, mwiba ukatulia, na sauti ya mwanamume ikajaa ule mlango: nyembamba, nzuri, ikilalamikia vumbi. Adela akashika mdomo. Aliisikiliza sauti ile kama mtu anayekunywa. Ndipo mama yake akasema kutoka jikoni, bila kugeuka, "Huyo siye." Adela akamtazama. "Anayeimba ni rafiki yake, Yohana. Baba yako hakujua kuimba hata kidogo, aliimba kama mbuzi. Baba yako ni chupa." "Chupa?" "Msikilize nyuma. Ti-ki-ti, ti-ki-ti. Alipiga chupa ya soda kwa msumari. Watu walikuwa wanamsifu, huyo, huyo." Tukasikiliza. Ilikuwepo tangu mwanzo, na sisi tulikuwa tumeidhania mikwaruzo. Niliona uso wa Adela ukisawijika, na nilimwonea huruma kuliko siku ya maji ya moto: safari yote ile, na baba ni mlio wa chupa. Magitaa yakaanza kupungua. Chupa ikabaki peke yake. Na mwishoni kabisa, pale sahani ilipokuwa bapa kuliko kote, mtu akasogea karibu na ile mashine ya Mhindi akasema neno moja, kwa lafudhi nene ya Kihehe, kama mtu anayebisha hodi:

"Kamwene!"

Kisha akacheka. Alivuta kwanza pumzi ndani, kama aliyekanyaga maji ya baridi, halafu kikatoka chote. Mwiba ukafika kwenye lebo ukawa unazunguka tupu, shh, shh, shh. Mama yake Adela alikuwa ameshageuka. Alikuwa na chekeche mkononi, ulanzi unamdondokea miguuni, anaitazama gramafoni kana kwamba ni mtu aliyesimama mlangoni. "Kamwene," akaitikia, polepole, maana kwao ukisalimiwa hivyo huna jibu jingine. Akaja akakaa nasi sakafuni, na usiku ule, bila kuombwa, akaanza kulitaja jina.

Hatukuipiga tena. Tulijaribu siku iliyofuata, mwiba ukaruka, ufa ukaonekana, Adela akaiondoa mwenyewe. Gramafoni yenyewe springi yake ilikatika, na sahani zetu nyingine sijui ziliishia wapi. Nadhani shangazi alimrudishia Baba Sanga, naye akawauza wale wafu kwa mara ya pili. Maisha yalitutawanya tukakutana kwa harusi na misiba. Kila tulipokutana, kabla ya habari za watoto, Adela aliniuliza, "Bibi yako angetuosha sisi, tungepinda kiasi gani?" Na sasa ameoshwa. Neema aliniambia walitii: maji yalikuwa ya moto kweli, na dada mmoja aliungua vidole.

Haya yote, isipokuwa neno lile, nilimsimulia Neema pale mkekani kwa kunong'ona, kwa sababu hata uzeeni sijajua kusema mbele ya watu. Aliigeuzageuza ile sahani, akipitisha kidole kwenye mawimbi ya ukingo. "Kwa hiyo babu alisema nini humu?" akauliza. "Mama alikuwa anasema tu, babu yenu yumo. Hakutuambia anasema nini."

Nilitaka kulisema neno lile jinsi lilivyokuwa. Nikajisahau. Nikanyoosha shingo, nikavuta pumzi, na sauti ikanitoka nene, ikavuka chumba chote:

"Kamwene!"

Na wanawake wote waliokuwa mikekani, wa Kihesa na wa vijijini, waliosinzia na waliokuwa wakilia, wakainua nyuso wakaitikia kwa pamoja, "Kamwene."